Visanduku vya ndege za vita: Mgeni njoo, mwenyeji apone

Na Mwandishi Wetu

KATIKA vijiji vingi vya Geita na Shinyanga, mtu mgeni akionekana anatembea polepole huku ameshika kifaa kidogo mkononi, anasimama, anakitazama, kisha anaandika namba kwenye daftari, habari huwa imeshafika kilabuni kabla hajamaliza. Watu husema kuna mpimaji, na mpimaji maana yake ni dhahabu au almasi. Anayelima pale huanza kujiuliza kama msimu ujao atalima tena.

Hofu hiyo haikuzuka hivi hivi. Ukanda huu umeona wachimbaji wadogo wakiondolewa Bulyanhulu mwezi Agosti 1996, na umeona mgodi mkubwa wa Geita ukianza uzalishaji mwaka 2000. Kwa wakazi wengi, GPS ni kifaa cha mwenye leseni, si cha mkulima wala muuza duka.

Hata hivyo, wapo watu duniani wanaotembea na kifaa hicho hicho bila haja ya kupima madini. Wao wanatafuta kisanduku cha plastiki, chenye ukubwa wa chombo cha kubebea chakula, ambacho ndani yake mna daftari, penseli na pengine kidude cha kuchezea watoto. Wakikipata wanaandika jina lao, wanakirudisha kilipokuwa na kuendelea na safari. Wanalipa nauli, wanalala, wanakula na wanakunywa soda kwa ajili hiyo tu.

Mchezo huo unaitwa jiokashingi, na moja ya mada zinazopendwa na wachezaji wake ni ndege za vita. Makala haya yanaangalia kama mada hiyo inaweza kuleta wageni Kanda ya Ziwa, nani atapata nini, na kwa nini mkulima au mchimbaji mdogo anafaa kuijua GPS hata kama mgeni huyo hatakuja kamwe.

MCHEZO ULIVYOANZA

Setilaiti za GPS ni mali ya Serikali ya Marekani. Kwa miaka mingi Wamarekani walikuwa wakiivuruga makusudi ishara inayowafikia raia, hivyo kifaa cha kawaida kiliweza kukosea kwa kiasi cha mita 100. Mwanzoni mwa Mei 2000 uvurugaji huo ulizimwa. Ghafla kifaa kile kile kikaweza kumfikisha mtu karibu kabisa na mahali anapopataka.

Tarehe 3 Mei 2000, mtu mmoja wa jimbo la Oregon, Dave Ulmer, alificha ndoo porini, akatangaza namba za mahali ilipo na kuwataka wenye GPS waitafute. Ikapatikana ndani ya siku chache. Wengine wakaiga. Leo kuna visanduku zaidi ya milioni tatu katika nchi zaidi ya 190, na simu ya kawaida ya kisasa inatosha kuvitafuta.

Baadhi ya wachezaji hawatafuti kisanduku kimoja kimoja. Wanapenda msururu, yaani visanduku vilivyopangwa njiani kwa mada moja, ili anayevifuata atembee siku nzima huku akijifunza jambo. Kanuni ya mchezo inataka kisanduku kimoja kiwe umbali usiopungua mita 161 kutoka kingine.

Nchini Uingereza, hasa mashariki, viwanja vingi vya ndege vya wakati wa Vita Kuu ya Pili viligeuka mashamba baada ya 1945. Njia ya kurukia ndege imekuwa barabara ya trekta, na banda la ndege limekuwa ghala la nafaka. Katika mazingira ya namna hiyo, msururu wa visanduku vyenye majina ya ndege kama Spitfire, Hurricane na Lancaster huwa na maana. Msafiri anatembea kando ya shamba la ngano, anasoma habari za ndege moja hadi nyingine, na jioni anaingia kijijini kula.

Swali ni kama sisi tuna habari za kutosha za namna hiyo. Jibu ni kwamba tunazo, na baadhi yake ni za kale kuliko zile za Spitfire.

RUFIJI NA KIGOMA

Ndege za vita zilifika Tanzania mapema mno. Mwaka 1914 meli ya kivita ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha kwenye delta ya Rufiji baada ya kuizamisha meli ya Waingereza, Pegasus, katika bandari ya Zanzibar. Mikoko ilikuwa mirefu, na kutoka baharini haikuwezekana kuiona. Waingereza wakaleta ndege za kuelea majini, ambazo joto na unyevunyevu wa pwani vilizitesa kiasi cha gundi ya mbao zake kuachia.

Mwaka 1915 walijenga kituo kisiwani Mafia. Mwezi Julai ndege kutoka Mafia ziliruka juu ya delta na kuwaelekeza wapiga mizinga wa meli mbili, Severn na Mersey, mahali makombora yao yalipoangukia. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ilikwisha. Mtu wa angani aliwapa walio chini nafasi sahihi ya kitu wasichokiona, kazi ambayo GPS inaifanya leo.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Ziwa Tanganyika. Wabelgiji walisafirisha ndege za kuelea majini kutoka Ulaya, wakazipitisha Kongo kwa meli na reli, na mwezi Juni 1916 zikarusha mabomu Kigoma, ambako Wajerumani walikuwa na meli yao kubwa, Graf von Götzen. Julai mwaka huo Wajerumani waliizamisha wenyewe isije ikatekwa. Baadaye ilitolewa majini na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina ambalo kila mfanyabiashara wa dagaa wa Kigoma analijua, yaani Liemba.

SHINYANGA NA MWADUI

Shinyanga haikupigwa mabomu, lakini ina habari zake. Kati ya vita mbili kuu, mji huu ulikuwa makao ya utafiti wa mbung'o. Mkuu wa utafiti huo alikuwa C. F. M. Swynnerton, ambaye jina lake limebaki kwa aina moja ya mbung'o wa ukanda wetu, Glossina swynnertoni. Mwezi Juni 1938 Swynnerton na mtaalamu wa mimea wa idara yake, B. D. Burtt, walikufa katika ajali ya ndege. Mfugaji wa Kisukuma anayechunga leo bila kuhofia malale katika maeneo yaliyokuwa mapori ya mbung'o ana deni kwa kazi iliyoanzia hapo.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1940, vita ikiwa imeshaanza Ulaya, mjiolojia kutoka Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, kiasi cha kilometa 30 kutoka mjini Shinyanga. Watu wengi wanaikumbuka Mwadui kwa almasi ya waridi iliyopatikana mwaka 1947 na kupewa Princess Elizabeth wa Uingereza. Wachache wanajua kwamba wakati wa vita almasi haikuwa pambo. Almasi za viwandani zilihitajika kusaga, kutoboa na kukata vyuma vigumu, na viwanda vya injini za ndege visingeweza kufanya kazi bila vifaa hivyo. Almasi nyingi za viwandani zilitoka Kongo, lakini kila mgodi mpya wa almasi ulikuwa habari kubwa kwa nchi zilizokuwa vitani.

Kisanduku kimoja karibu na mji mdogo wa Maganzo, nje ya mipaka ya mgodi, kingetosha kueleza hayo yote.

MWANZA 1979

Habari iliyo karibu zaidi na kumbukumbu za watu ni ya Vita ya Kagera. Wazee wengi wa Kanda ya Ziwa wanakumbuka kuzimwa kwa taa, mahandaki yaliyochimbwa uani na malori yaliyokuwa yakipita na wanajeshi.

Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera mwezi Oktoba 1978, na mapema Novemba yakavunja daraja la Kyaka. Tanzania ikajibu. Vita ilipogeuka na majeshi yetu kuingia Uganda, Libya iliingia upande wa Amin. Tarehe 29 Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tupolev Tu-22 iliruka hadi Mwanza kwa lengo la kupiga ghala la mafuta. Ikakosa. Mabomu yaliangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama waliokuwa wakihifadhiwa pale, huku mfanyakazi mmoja akijeruhiwa kidogo. Siku chache baadaye ndege za Tanzania zilijibu kwa kupiga maeneo ndani ya Uganda.

Saanane ilikuwa bustani ya wanyama tangu 1964, na mwaka 2013 ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa. Ni kisiwa kidogo, mwendo mfupi kwa boti kutoka katikati ya jiji. Mgeni anayeanzia hapo anaweza kuvuka daraja la Kigongo-Busisi, lililofunguliwa Juni 2025 na kuondoa foleni ya kivuko, akaingia Geita, kisha akaelekea Shinyanga na Mwadui. Ni mzunguko wa siku tatu au nne kwa gari bila haraka.

NANI ATAPATA NINI

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kundi la watu wanne linakuja Shinyanga kwa siku mbili. Wanachukua vyumba viwili kwa Sh30,000 kila kimoja kwa usiku, kwa usiku mbili. Hiyo ni Sh120,000 kwa mwenye nyumba ya wageni. Wanakula milo sita kila mmoja kwa Sh5,000, jumla Sh120,000 kwa mama lishe na wenye migahawa. Wanamlipa kijana anayewaongoza Sh30,000 kwa siku, yaani Sh60,000. Usafiri ni Sh100,000. Jumla Sh400,000 zimebaki mjini.

Upande wa gharama, msururu wa visanduku vinane unahitaji vyombo vinane vya plastiki visivyopitisha maji. Tukisema kimoja ni Sh5,000, hiyo ni Sh40,000. Daftari na penseli kwa kila kisanduku Sh2,000, jumla Sh16,000. Kisha lazima mtu avizungukie kila baada ya miezi mitatu, maana mvua, mchwa na watoto wa shule havina mchezo. Mafuta ya pikipiki kwa mizunguko minne ya Sh40,000 ni Sh160,000. Jumla kwa mwaka wa kwanza ni Sh216,000.

Hapo ndipo penye jambo la kuangalia. Anayebeba gharama zote ni yule kijana mtunzaji, ambaye kwa kila kundi anapata Sh60,000. Anahitaji makundi manne ili arudishe fedha yake na abaki na Sh24,000. Mwenye nyumba ya wageni na mama lishe hawakutoa hata senti, lakini wanaanza kupata tangu kundi la kwanza.

Kwa hiyo, kama biashara hii itafanyika, busara ni wanaonufaika kuchangia. Watu wanne wakitoa Sh54,000 kila mmoja, gharama ya mwaka wa kwanza imekwisha. Kikundi cha kuweka na kukopa kinaweza kulifanya jambo hili kwa urahisi kuliko mtu mmoja. Lakini tusidanganyane. Idadi ya makundi haina uhakika, na mtu asikope wala kuuza ng'ombe kwa ajili ya jambo hili. Ni kipato cha pembeni kwa aliye na kipato kingine, si mbadala wa pamba wala mpunga.

KANUNI ZENYE KUMLINDA MWENYEJI

Mchezo huu una masharti ambayo mfanyabiashara anatakiwa kuyafahamu kabla hajaingia.

Kwanza, ni lazima pawe na ruhusa ya mwenye ardhi. Kwa mazingira yetu hiyo ina maana ya mwenye shamba, na pale ambapo ardhi ni ya kijiji, serikali ya kijiji.

Pili, kisanduku hakifukiwi. Hakuna ruhusa ya kuchimba kukificha wala kukitafuta. Sharti hili peke yake lingewatuliza wanakijiji wengi, kwani mtu anayechimba Geita hawezi kumweleza mtu yeyote kwamba anacheza.

Tatu, maelezo ya kisanduku hayaruhusiwi kuwa tangazo la biashara. Huwezi kuandika kwamba anayetafuta kisanduku aanzie kwenye hoteli yako. Wageni watakuja kwako kwa sababu uko njiani na unapika vizuri. Ipo njia ya kulipia msururu rasmi wa utalii, lakini hiyo inafaa zaidi halmashauri au bodi za utalii kuliko mfanyabiashara mmoja.

Nne, mtalii hawezi kuja likizo, akaacha kisanduku na kuondoka zake. Wasimamizi wa mchezo wanataka pawe na mtu anayeishi karibu wa kukitunza. Maana yake ni kwamba hata mgeni mwenye fedha na ujuzi wote anamhitaji mwenyeji. Nafasi hiyo ni ya mtu wa Shinyanga au Geita, na asiitoe bure.

Tano, chakula, pombe, visu na vilipuzi haviwekwi ndani ya kisanduku.

Kwa maeneo ambayo kisanduku hakifai, kama vile ndani ya hifadhi au karibu na mgodi, upo utaratibu mwingine ulioanza mwaka 2004, unaosimamiwa na chama cha wanajiolojia cha Marekani. Katika utaratibu huo hakuna chombo kinachofichwa. Mgeni anafika mahali, anatazama mwamba au udongo, anajibu maswali kuhusu anachokiona na kuondoka. Ukanda wenye miamba ya dhahabu ya Geita na bomba la almasi la Mwadui una mengi ya kuuliza. Hapa pia ruhusa ya mwenye eneo ni lazima.

TAHADHARI

Kanda ya Ziwa si shamba la ngano la Uingereza. Kuna maduara yaliyoachwa wazi, mengine yamefunikwa na majani, na mtu anayetembea macho yakiwa kwenye simu anaweza kutumbukia. Msururu wowote upite kwenye barabara na njia zinazotumika, usikatize maeneo ya uchimbaji.

Aidha, maeneo ya jeshi na viwanja vya ndege si ya kuzungukazunguka na kupiga picha. Habari za ndege za vita zisimpeleke mtu kwenye uzio wa kambi. Saanane, ufukwe wa ziwa au bustani ya mji vinatosha kusimulia.

Masalia ya vita nayo si ya kuokota. Kipande cha chuma kinachofanana na kombora kiachwe pale pale na polisi waarifiwe. Vitu vya kale vinalindwa na sheria tangu 1964, na kuviuza kama chuma chakavu kunaweza kumfikisha mtu mahakamani.

Zaidi ya yote, mgeni apelekwe kwanza kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji. Sungusungu walizaliwa ukanda huu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kazi yao ni kumuuliza mtu asiyejulikana anatafuta nini. Jibu la "natafuta kisanduku" saa moja usiku halitamfaa. Anayetaka kuwaongoza watalii kwa malipo naye aulizie leseni ya biashara za utalii mapema.

GPS NI YAKO PIA

Tuseme sasa kwamba hakuna mgeni aliyekuja. Bado kuna faida ya mkulima na mchimbaji kujifunza mchezo huu, kwa sababu anayeweza kutafuta kisanduku anaweza pia kutafuta mpaka wake.

Tuanze na mchimbaji mdogo. Leseni ndogo ya uchimbaji wa dhahabu haizidi hekta 10. Eneo la hekta 10 lenye umbo la mraba lina upande wa takriban mita 316. Pembe zake zimeandikwa kwenye leseni kwa namba.

Namba hizo hazina maana bila kujua zimetokana na mfumo gani wa upimaji. Ramani za zamani za Tanzania zilichorwa kwa mfumo uitwao Arc 1960. GPS na simu, usipozibadilisha, hutumia mfumo wa WGS 84. Katika ukanda wetu, ukichukua namba za Arc 1960 na kuziingiza kwenye kifaa kilicho kwenye WGS 84, kitakupeleka takriban mita 300 mbali na mahali halisi, zaidi kuelekea kaskazini.

Linganisha mita hizo 300 na upande wa mita 316. Umetoka karibu kabisa kwenye eneo lako na kuingia la jirani. Kifaa hakijaharibika, setilaiti hazijakosea, na wewe hukuwa na nia mbaya. Lakini umechimba duara, umelipa vijana, umenunua magogo na mafuta ya pampu, na mwamba ni wa mtu mwingine. Migogoro ya namna hiyo inagharimu mitaji na wakati mwingine damu.

Dawa yake ni rahisi. Soma kwenye karatasi zako mfumo uliotumika. Kama haukuandikwa au huuelewi, muulize Afisa Madini Mkazi kabla ya kuchimba. Kisha fungua mipangilio ya kifaa na uhakikishe kinalingana. Kama namba ni za mita, hakikisha pia kwamba kifaa kiko kwenye kanda ya 36 Kusini, ambayo ndiyo ya Geita na Shinyanga. Baada ya hapo nenda kwenye pembe ambayo tayari ina alama inayokubalika na majirani, ulinganishe. Kifaa chako si mbadala wa mpimaji aliyesajiliwa, lakini kinakuonyesha kama kuna haja ya kumwita.

Tuje kwa mkulima. Ekari moja ni meta za mraba 4,047, ambayo kwa mazoea huhesabiwa hatua 70 kwa 70. Hatua za mwenye trekta anayelipwa kwa ekari huwa fupi, na hatua za anayekodi shamba huwa ndefu. Ukizunguka shamba na simu yenye programu ya kupima eneo, utapata jibu ambalo halina upande. Kwa shamba la ekari 10 jibu hilo linatosha kabisa. Kwa shamba la ekari moja kuwa mwangalifu, maana simu inaweza kukosea mita tano kila pembe wakati upande mzima ni kama mita 64 tu. Hapo tumia kamba.

Mkulima wa pamba anayejua ekari zake halisi hanunui viuatilifu vya ekari sita kwa shamba la nne. Anayejua ekari za kweli anajua pia mavuno ya kweli kwa ekari, na ndipo anaweza kusema kama mbegu ilikuwa nzuri au la.

Kuna na ndege wengine, wale wa kwelea kwelea. Kundi linapovamia mtama au mpunga, ndege ya kunyunyizia sumu huhitaji kujua mahali hasa wanapolala usiku, si mahali wanapokula mchana. Kijana anayeweza kufuata kundi jioni hadi kwenye makulalio, akasoma namba kwenye simu na kumpa afisa kilimo, anaokoa siku za kutafuta. Rubani wa Mafia mwaka 1915 alikuwa akiwapatia wenzake habari ya namna hiyo hiyo.

PA KUANZIA

Kwa kikundi kinachotaka kujaribu, pa kuanzia si kununua visanduku. Anzeni kwa kukusanya habari. Wapo wazee wanaokumbuka taa zilipozimwa Mwanza, na wapo waliofanya kazi Mwadui enzi za mwanzo. Habari zao ziandikwe sasa, kwa ridhaa yao, kwa sababu bila habari kisanduku ni plastiki tu.

Hatua ya pili, mtu mmoja ajifunze kutumia GPS vizuri, na aanze kwa kupima mashamba ya wanakikundi. Kazi hiyo ina faida hata kama mengine yote yatashindikana. Hatua ya tatu, ruhusa za kijiji kwa maandishi. Ndipo kisanduku cha kwanza kiwekwe, kimoja tu, mahali salama na karibu na mtunzaji, kiangaliwe kwa msimu mmoja wa mvua. Kikidumu na wageni wakianza kuandika majina, ongezeni cha pili.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Akija, mama lishe atauza na kijana wa kikundi atapata posho yake. Asipokuja, mwenyeji atakuwa ameshajua mpaka wa shamba lake unaishia wapi, na mpimaji mwingine akipita kijijini na kifaa chake, atakuta watu wanaoweza kumwomba awaonyeshe namba zake wazisome wenyewe.